Tawi Lisilo na Jibu: Barua ya Wazi kwa KNEC na KICD

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Baraza la Kitaifa la Mitihani Kenya (KNEC),

na Afisa Mkuu Mtendaji,
Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Nchini (KICD),
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINT: PROGRAMU ZA WANAFUNZI ZINAZOACHA MATAWI BILA THAMANI

Nawaandikia kutoka Awasi, Kaunti ya Kisumu, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi. Mimi ni fundi wa programu. Huandika, na mara nyingi zaidi hurekebisha, programu ndogo za maduka, vyama vya akiba na wanunuzi wa nafaka kuanzia Ahero hadi Muhoroni. Wengi wa walioandika programu ninazoletewa walipitia mikononi mwenu. Walifanya somo la Kompyuta katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na wakapata gredi za kujivunia. Kwa hiyo barua hii nawaandikia ninyi. Wao walifanya walichoombwa.

Naomba radhi mapema kwamba sitajaribu kuwa katikati. Naamini mtihani wenu unalea kosa moja mwaka baada ya mwaka: kigeu kutumiwa kabla hakijapewa thamani, kwa kuwa programu imepita njia ambayo mwandishi hakuiwazia. Kwa msomaji asiye wa fani hii, kigeu ni jina ambalo programu huliwekea thamani, kama vile bei, kilo, alama au mchango. Shida huanza pale jina linapopewa thamani ndani ya sharti tu, kisha likahitajika hata sharti lisipotimia.

Hoja zangu ni hizi.

1. Kosa hili halipigi kelele.

Mnunuzi mmoja wa mpunga katika uwanda wa Kano, ambaye sitamtaja, aliandikiwa programu na kijana mwerevu sana. Skrini nadhifu, risiti nadhifu, jina la mkulima kwa herufi kubwa. Mpunga hupimwa unyevu kwa mita kabla ya kupandishwa kwenye mizani, maana ukizidi asilimia 14 hivi huvunda ghalani na haukoboleki vizuri. Kiini cha programu kilikuwa hivi (bei nimezibadilisha ziwe za mfano):

kwa kila mkulima:
– soma unyevu na kilo
– ikiwa unyevu <= 14, bei = 60
– ikiwa unyevu >= 15 na unyevu <= 18, bei = 50
– malipo = bei × kilo
– chapisha risiti

Hebu ipitieni kama watahini. Mpunga wa unyevu wa 12 unapata bei. Wa 16 unapata bei. Je, ule wa 21, uliovunwa mvua ikinyesha? Hauna tawi, yaani hakuna sharti linaloushika. Na ule wa 14.5? Huo pia hauna, kwa sababu mita husoma hadi desimali ilhali mwandishi alikuwa akiwaza kwa namba nzima. Kuna mashimo mawili katika mistari miwili, na mtu anaweza kuisoma programu hiyo mara nyingi bila kuyaona, kwa kuwa shimo ni mahali ambapo hakujaandikwa kitu.

Kilichotokea ni hiki. Programu iliandikwa kwa lugha ya Python, na hesabu yote ilikaa ndani ya mzunguko mmoja wa foleni. Kigeu cha bei hakikufutwa kati ya mkulima na mkulima. Kwa hiyo yeyote aliyeangukia shimoni alilipwa bei ya mtu aliyemtangulia. Mpunga uliolowa ukanunuliwa kwa bei ya mpunga mkavu wa jirani. Mpunga mzuri wa 14.5 ukanunuliwa kwa bei ya mpunga mbichi wa jirani mwingine. Mkulima mmoja angeweza kuja mara mbili na mzigo uleule akapata malipo mawili tofauti, kutegemea alipanga foleni nyuma ya nani.

Hakuna aliyegundua kwa muda mrefu. Programu haikukwama, ujumbe mwekundu haukutokea, na kila risiti ilikuwa na namba inayofanana na bei. Wakulima wakahisi mizani ina mchezo, mnunuzi akahisi karani ana mkono mrefu. Karani nusura afukuzwe kazi. Alikuwa amechapa namba sahihi kila mara.

2. Kosa moja, tabia nyingi, na mwanafunzi huambiwa moja tu au haambiwi kabisa.

Kipande hichohicho cha programu ukikiandika kwa Java, kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, itakataa. Itakwambia kigeu cha bei huenda hakijapewa thamani, na hutapata programu ya kuendesha hadi uzibe njia zote. Sheria hiyo imo katika maelezo rasmi ya lugha ya Java tangu toleo la kwanza la mwaka 1996, na ina sura yake nzima. Wale walioitunga waliamua kwamba swali la "je, kila njia inatoa thamani?" lisiachiwe kumbukumbu ya binadamu.

Ukikiandika kwa Python, hakuna atakayekukataza mapema. Programu itatembea vizuri kwa wakulima wa kawaida, siku hata miezi. Mkulima wa kwanza wa asubuhi akiwa na unyevu wa 21, itaanguka papo hapo na kusema jina la bei halijulikani. Akiwa wa pili au wa kumi, itaazima bei ya aliyepita kama nilivyoeleza. Yaani kuanguka au kutoanguka kunategemea zamu.

Kwa C, kigeu cha ndani kisichowekewa thamani hubeba takataka yoyote iliyosalia kwenye kumbukumbu ya mashine, na kwa kanuni za lugha hiyo lolote laweza kufuata. Kwa JavaScript, kuzidisha kigeu kisicho na thamani kwa kilo hutoa NaN, yaani "si namba", na nimewahi kuona kwa macho yangu risiti iliyosema "Ksh NaN". Hiyo ilikuwa afadhali. Mteja alicheka, mwenye duka akanipigia simu siku hiyohiyo.

PHP, ambayo inaendesha tovuti nyingi za shule zetu, kwa miaka mingi ilinong'ona tu. Tangu toleo la 8 la Novemba 2020 imeanza kutoa onyo linaloonekana, ila inaendelea na kazi.

Visual Basic ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa ndiyo ambayo wanafunzi wengi wa KCSE wameitumia kwa miradi yao. Humo kigeu cha namba huanza na sifuri bila kuombwa. Mkulima wa kwanza akiwa na unyevu wa 21 atachapishiwa risiti safi: malipo, shilingi 0. Mbaya zaidi, katika Visual Basic 6 usipoandika amri ya Option Explicit juu kabisa ya programu, hata jina lililoandikwa vibaya huzaliwa palepale kama kigeu kipya kilicho kitupu. Andika "mlaipo" badala ya "malipo", na programu itaendelea kana kwamba hakuna kitu. Option Explicit huzuia hilo la majina. Haizuii lile la sifuri.

Mtoto aliyesomea hesabu zake kwa lugha inayojaza sifuri kimyakimya hukua akiamini kwamba kila jina lina thamani daima. Kisha akifika chuoni akakutana na Python au Java, huona lugha mpya ni kali bila sababu.

3. Ninyi wenyewe mnalijua jambo hili kuliko mtu yeyote nchini.

Hapa ndipo nisipowaelewa. Chukueni hati ya matokeo ya KCSE. Kuna gredi 12, kutoka A hadi E. Mwandishi wa programu angedhani kazi imekwisha hapo: soma alama, toa herufi. Lakini ninyi mnayo pia X kwa mtahiniwa ambaye hakufika, na Y kwa yule aliyenaswa katika udanganyifu. Hamkumwacha asiyefika bila chochote mbele ya jina lake, wala hamkumpa E.

Tafakarini uzito wa uamuzi huo. Asiyefika hana alama. Mngeweza kumwandikia sifuri, na sifuri ingemtelemsha hadi E, na hesabu ya wastani wa shule ingeendelea bila kukwama. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa uongo. E humaanisha mtu alikaa kwenye kiti, akaandika, akashindwa. X humaanisha hatujui angepata nini. Mkatenganisha mambo hayo mawili kwa herufi, na mkuu wa shule yeyote hapa Nyando anajua tofauti yake.

Taasisi hiyohiyo, inapomwomba mwanafunzi aandike programu ya kupanga gredi, inaridhika na A hadi E. Sijaona katika karatasi zilizopita swali linalomtaka mwanafunzi aseme programu yake itafanya nini mtahiniwa akiwa hana alama, au alama ikiwa 79.5 ilhali masharti yanasema 70 hadi 79 na 80 hadi 100, au karani akichapa 780. Mnamfundisha kuandika chombo ambacho ninyi wenyewe hamngekubali kukitumia hata siku moja.

4. Kiraka kinachofundishwa ni kibaya kuliko tundu.

Baadhi ya walimu, na nawaheshimu, wameliona tatizo. Dawa wanayowapa wanafunzi ni hii: juu kabisa ya programu andika bei = 0, na onyo litanyamaza. Kweli linanyamaza. Hata kompaila ya Java itatulia, maana sasa kila njia ina thamani.

Ila sifuri si bei. Mwanafunzi amechukua programu iliyokuwa tayari kusema "sijui" akaifanya iseme "bure". Kama sifuri ina maana halali katika kazi hiyo, sawa: jumla ya mauzo kabla duka halijafunguliwa ni sifuri, na kuanza na jumla = 0 ni sahihi kabisa. Kama haina maana, basi kuiweka ni kuficha. Kinachotakiwa ni tawi la mwisho, lile la ELSE, linalomkataa mkulima huyo waziwazi: "Unyevu 21 hauna bei, mwite meneja." Au kigeu kipewe alama maalumu ya kutojulikana, na programu ilazimike kuiangalia kabla ya kuzidisha. Hiyo ndiyo X yenu.

Tena jambo hili la kunyamazisha maonyo lina historia ya kutisha. Mwaka 2006 watunzaji wa mfumo wa Debian, ambao ni mfumo wa kompyuta unaotumika duniani kote, walikuwa wakisumbuliwa na zana za ukaguzi zilizolalamika kwamba OpenSSL, programu ya kutengeneza funguo za siri, inatumia kumbukumbu ambayo haijawekewa thamani. Wakazima mistari miwili ya msimbo ili malalamiko yaishe, na yakaisha. Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza karibu nasibu yote ambayo funguo hutengenezwa kwayo. Kilichobaki kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ya mchakato wa kompyuta, namba isiyozidi 32,768. Mtu angeweza kuzijaribu zote akiwa ameketi nyumbani. Tangazo la hatari lilitolewa tarehe 13 Mei 2008, baada ya karibu miaka miwili ya seva kufungwa kwa funguo zinazobashirika.

Waliofanya hivyo hawakuwa wanafunzi wa kidato cha tatu. Walikuwa mabingwa. Walilisikia onyo, wakaondoa sauti yake.

5. Alama zinakwenda kwa picha.

Mtaala wa 8-4-4, huu unaoondoka, huweka misingi ya programu katika kidato cha tatu: chati mtiririko, IF, IF na ELSE, IF ndani ya IF, mizunguko. Mpangilio mzuri, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni jinsi unavyopimwa. Swali la 16, lile la lazima linalofungua Sehemu ya B katika karatasi ya kwanza, mara nyingi ndilo la programu. Kila mwalimu anajua alama za chati mtiririko zinapokaa: umbo la kuanzia, umbo la kuingiza data, almasi ya uamuzi, umbo la kutoa jibu, umbo la kumalizia. Mwanafunzi anakariri maumbo. Almasi yake ikiwa na mshale wa "ndiyo" unaokwenda mahali na mshale wa "hapana" unaoning'inia, atapoteza alama ngapi? Moja, labda. Na mshale wa "hapana" ukifika kwenye hesabu bila kupitia mahali popote panapotoa thamani, sidhani anapoteza chochote, kwa kuwa mchoro unaonekana umefungwa.

Mradi nao hupimwa kwa skrini, ripoti na nyaraka. Mwanafunzi hujaribu programu yake kwa data nzuri aliyoitunga mwenyewe, anachapisha, anabandika kwenye faili. Programu haijawahi kukutana na mgeni.

6. Yaliyo hatarini si ya darasani.

Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya, NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na mchango hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa hali ya maisha ya kaya yake. Asiyejiweza kabisa hulipiwa na serikali. Siilaumu SHA kwa lolote hapa. Naichukua sheria hiyo kama swali la darasani, tena zuri sana. Mpe mwanafunzi wa kawaida aandike hesabu yake. Ataandika tawi la mwajiriwa bila kukosea, hata kile kima cha chini cha 300 atakikumbuka. Kisha ataandika mchango kwenye risiti. Na mwanamke wa soko la Awasi asiye na mwajiri? Kwa Visual Basic mchango wake utakuwa 0, na mfumo utadhani hadaiwi. Kwa Python mashine itakwama akiwa dirishani, mtoto mgongoni. Na kijana wa bodaboda aliyepata kibarua cha miezi michache kiwandani Chemelil, halafu kikaisha, yuko tawi gani mwezi huu? Hilo si swali la kompyuta pekee, ila mwanafunzi aliyezoea kuuliza "nani ameachwa?" atalileta mezani kabla ya mtu kuumia.

Au chukueni maji. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliwatoa watu majumbani katika uwanda wa Kano, na Mto Nyando hautangoja tukamilishe mtaala. Kijana akija kuandika programu ya kutuma arafa za tahadhari kulingana na kina cha mto, ataandika tawi la kina salama na tawi la kina cha hatari. Kifaa cha kupimia kikisombwa na maji, kina hakipo. Programu yake itatuma nini? Ikiwa kigeu kimebeba kipimo cha jana, itawaambia watu wa kando ya mto walale.

Hao ndio watu wanaokaa kwenye tawi lililosahauliwa: mwenye mpunga uliolowa, asiye na mwajiri, anayeishi mahali ambapo kifaa kimekufa. Mwenye mpunga mkavu, mshahara na stima huwa ameandikiwa tawi lake na kila mtu.

7. Wakati ni huu, kwa kuwa mnabadilisha kila kitu.

Mwaka 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu kwa shule za msingi na sekondari. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, wa mtaala unaochukua nafasi ya 8-4-4, waliingia darasani Januari 2026. Watafika Gredi ya 12 mwaka 2028, na KCSE ya mwisho ya 8-4-4 itafanywa 2027. Yaani kuna mtihani unaoondoka na mwingine ambao bado unaandikwa. Mtihani wa Gredi ya 9 tayari umetupa viwango vinane, kuanzia kile cha juu cha kuzidi matarajio hadi cha chini kabisa. Mtu fulani ofisini kwenu aliandika au ataandika masharti ya viwango hivyo kwenye programu. Natumaini aliweka ELSE.

Sasa maombi yangu. Nimeyapima yasigharimu vifaa, kwa kuwa najua shule za huku: chumba cha kompyuta chenye mashine chache zinazofanya kazi, na stima inayopotea mvua ikitishia.

(a) Wekeni angalau swali moja katika kila karatasi ya nadharia linalompa mwanafunzi programu fupi iliyokwisha kuandikwa na kumwuliza: taja data itakayoifanya itumie kigeu kisicho na thamani, kisha irekebishe. Hilo hufanywa kwa kalamu na jedwali. Mwanafunzi anafuatisha mstari kwa mstari, safu moja kwa kila kigeu, na safu ikibaki tupu hesabu inapofika, ameliona shimo. Shule isiyo na kompyuta hata moja inaweza kumwandaa mtoto kwa swali hilo.

(b) Badilisheni mwongozo wa kusahihisha. Mshale wa "hapana" usiofika kwenye thamani au kwenye ujumbe wa kukataa upoteze alama za maana, zaidi ya umbo lililochorwa vibaya. Na mwanafunzi aliyeandika sifuri juu ya programu ili kuziba pengo asipewe alama ya pengo hilo mpaka aeleze kwa nini sifuri ni jibu halali.

(c) Katika maelekezo ya mradi, agizeni kila faili iwe na ukurasa wa data mbaya: mipaka, desimali, kisanduku kilichoachwa wazi, namba kubwa kupita kiasi, neno palipotakiwa namba. Kwa kila moja mwanafunzi aonyeshe programu ilijibu nini. Kwa wanaotumia Visual Basic 6, Option Explicit iwe lazima, na ikikosekana msahihishaji asiendelee.

(d) KICD, katika vitabu vya Gredi ya 10 hadi 12 mnavyoidhinisha, msikubali mfano wa IF unaotoa thamani bila ELSE isipokuwa mwandishi amesema wazi kwamba ni mfano wa kosa. Mwanafunzi huiga kitabu kabla hajaelewa kitabu. Aidha, aonyeshwe mapema njia ya kuweka masharti ndani ya kazi ndogo inayojitegemea, ambayo kila tawi lake linarudisha jibu au linakataa, maana humo bei ya mkulima aliyetangulia haina mlango wa kupenya.

(e) KNEC, ripoti mnayotoa baada ya mtihani kuhusu walivyofanya watahiniwa husomwa na walimu kwa sababu inawaambia wapi wanafunzi walijikwaa. Tengeni humo ukurasa wa jambo hili, mkionyesha majibu ya kweli yaliyoondolewa majina. Mwalimu wa shule ya kutwa huku Nyando atajifunza mengi kutoka ukurasa huo kuliko kutoka semina ya siku moja hotelini Kisumu, ambayo pengine hata hataalikwa.

Najua mtaniambia kwamba haya ni ya chuo kikuu, kwamba mtoto wa kidato cha tatu kwanza ajue IF ni nini. Nakataa. Mtoto wa darasa la nne anayetumwa dukani akiambiwa "kukiwa na sukari leta kilo moja" huuliza mwenyewe kabla hajatoka mlangoni: na isipokuwepo? Uwezo huo anao tayari anapofika kwenu. Ninachoomba ni mtihani usimwondolee.

Wengine watasema zana za kisasa zitalikamata kosa hili zenyewe. Zipo, na ninazitumia kila siku. Hukamata jina lisilo na thamani. Hazijui kama 14.5 inastahili bei ya mpunga mkavu au ya mpunga mbichi, wala kwamba sifuri ni tusi kwa mkulima. Hilo ni la mwenye kuandika.

Maagizo ya mradi wa KCSE 2027 bado yanaweza kurekebishwa, na ndiyo nafasi ya mwisho kwa watoto wa 8-4-4. Naomba ombi la (c) liingizwe humo, na ombi la (a) liingizwe katika sampuli za maswali mtakazowapa walimu wa Gredi ya 10. Nikiitwa kuja Nairobi kuonyesha programu ya mpunga, kabla na baada ya kurekebishwa, nitakuja kwa nauli yangu.

Wenu mtiifu,

Fundi wa programu,
Awasi, Kaunti ya Kisumu.